Mwanamichezo Anapogeuzwa Rehani

Tarehe 17 Februari 2022 Brittney Griner, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani aliyekuwa wakati huo na medali mbili za dhahabu za Olimpiki, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Sheremetyevo, Moscow. Maafisa wa forodha walikuta mizigoni mwake mafuta ya bangi yasiyotimia gramu moja. Wiki moja baadaye majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine, na tangu hapo kesi ile haikuwa tena ya mafuta.

Haki isemwe pande zote. Bangi ni haramu kwa sheria za Urusi, wala mgeni hana hoja ya kudai kwamba huko kwao Arizona daktari alimruhusu. Griner alikiri mahakamani mwezi Julai, akieleza kwamba alifungasha kwa haraka bila kukusudia. Hata hivyo, tarehe 4 Agosti alihukumiwa kifungo cha miaka 9, ilhali kiwango cha juu kabisa kwa kosa hilo ni miaka 10. Mwenye kukiri, asiye na rekodi ya uhalifu, akapewa karibu adhabu yote! Ni vigumu kuamini kwamba mizani iliyotumika ilikuwa ya mafuta yale peke yake.

Wako waliouliza alifuata nini huko. Alifuata riziki. Tangu msimu wa 2014 na 2015 alikuwa akiichezea klabu ya UMMC Ekaterinburg kila majira ya baridi, kwa malipo yaliyoripotiwa kuzidi dola milioni moja kwa msimu. Ligi ya wanawake ya Marekani, mwaka 2022, ilimlipa mchezaji wa daraja la juu takriban dola 228,000. Tukumbuke pia kwamba mwaka 2014 Urusi ilikuwa imekwisha kuitwaa Crimea na kuwekewa vikwazo na Marekani. Uhasama ulikuwapo, wachezaji walikuwa wakipita juu yake, na klabu ikiwatunza vyema.

Umaarufu uliomletea heshima ndio uliompandisha bei. Tarehe 8 Desemba 2022, katika uwanja wa ndege wa Abu Dhabi, alibadilishwa na Viktor Bout, mfanyabiashara wa silaha aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 25 Marekani. Sisi Waafrika jina hilo si geni kwetu: ripoti za Umoja wa Mataifa zililitaja katika vita vya Angola, Liberia na Sierra Leone. Mcheza mpira kwa muuza bunduki. Ndivyo soko hilo lilivyopanga thamani. Naye mwalimu mmoja Mmarekani, aliyekamatwa katika uwanja ule ule mwaka 2021 na bangi aliyosema ni dawa, alipewa miaka 14 na kukaa hadi Februari 2025. Hakuwa na mashabiki wa kumpigia kelele.

Mwaka 2023 Griner alitangaza kwamba hatacheza tena nje ya nchi yake isipokuwa akiiwakilisha katika Olimpiki. Januari 2025 wachezaji wenziwe walianzisha ligi ya majira ya baridi huko Miami, iitwayo Unrivaled, yenye mshahara wa wastani unaozidi dola 200,000 kwa wiki chache, naye akajiunga nayo. Nafuu hiyo, kwa hakika, ingewezekana kabla ya Sheremetyevo.