Fundi, soma namba ya chipu kwanza!

Zamu za usiku zimenibana ndiyo maana nimekuwa kimya, ila leo nina ugomvi na mafundi wetu. Ile laptopu niliyotuma nyumbani, ThinkPad X230, umeme ulikatika katikati ya kusasisha biosi, ikagoma kuwaka. Ugonjwa wa kutibika kabisa huo. Mdogo wangu akaipeleka kwa fundi, akaiflashi, sasa ni maiti. Eti "chipu ilikuwa mbovu". Chipu ipi, namba gani? Hajui! Hela kachukua.

Jamani, X230 ina chipu 2 za biosi zilizokaa jirani, moja ya megabaiti 8 na nyingine ya megabaiti 4. Zote zina miguu 8, ukitazama harakaharaka utasema pacha. Na kwenye mazabodi kuna vidude vingine vya miguu 8 ambavyo kazi yake ni umeme tu, havihifadhi chochote. Unabanaje kibanio bila kusoma?

Maandishi yapo mgongoni. Chukua W25Q64FV ya Winbond: 64 ni megabiti, gawanya kwa 8 unapata megabaiti 8. Herufi za mwisho nazo si mapambo. FV hutumia volti 3.3, FW hutumia 1.8, na ukiipa FW volti 3.3 unaweza kuiunguza hapohapo.

Watajitetea kwamba programu inaitambua chipu yenyewe. Si kila mara! Flashrom inaweza kukutajia majina kadhaa ya Macronix, kwa sababu chipu hizo hujibu kwa utambulisho uleule, halafu inakutaka uchague wewe. Maandishi madogo? Simu zenu zina kamera.

Hapa Uingereza mgonjwa hata awe amelala wodini kwangu wiki 2, kabla ya dawa namuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, nasoma na utepe wa mkononi. Wagonjwa wengine wananicheka. Wacheke tu.

Sasa mdogo wangu, rudi kwa huyo fundi ukamdai kopi aliyoisoma kwenye chipu kabla ya kufuta, iliyosomwa mara 2 na zikafanana. Ikiwepo, bado kuna matumaini ya kuifufua mashine. Kama hakuitunza, arudishe hela yote, na asiiguse tena.