Kifafa si kuanguka na kutokwa na povu pekee

Kifafa kinapotajwa, wengi hufikiria mtu aliyeanguka chini, akitupa mikono na miguu huku povu likimtoka mdomoni. Hiyo ni aina moja tu. Yuko mtoto anayeduwaa darasani kwa sekunde chache, macho wazi, kisha akaendelea kuandika kana kwamba hakuna lililotokea. Huenda hali hiyo ikamrudia mara nyingi kwa siku. Mwingine hutetemeka mkono mmoja, au hutafunatafuna mdomo mtupu na kupapasa nguo zake bila kujitambua. Hawa ndio huitwa wazembe au waliorogwa, na huadhibiwa badala ya kupelekwa hospitalini.

Kifafa hutokana na hitilafu ya umeme wa ubongo. Chanzo chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria inayoshambulia ubongo, jeraha la kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa chakula au maji machafu. Wengine hurithi, na wengine chanzo hakijulikani. Pepo na laana hazimo.

Povu nalo ni mate tu, haliambukizi kifafa. Lakini kwa kuliogopa, watu humwacha mgonjwa aungue jikoni huku wakitazama. Mwondoe penye hatari, mlaze kwa ubavu na umlegeze nguo shingoni. Usimtie kijiko mdomoni wala kumkandamiza. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, mkimbize hospitalini.

Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu yafaayo. Ilhali Shirika la Afya Duniani linasema karibu wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kushikwa tena wakitibiwa ipasavyo, na fenobabitoni, mojawapo ya dawa hizo, si ghali. Ila dawa isiachwe ghafla eti mgonjwa amepata nafuu.

Kwa maoni yangu, kila mwalimu anayefuzu chuoni angepaswa kuzijua dalili hizi, kwani yeye ndiye humwona mtoto mchana kutwa. Nawe mzazi, mwanao akilalamikiwa kwamba hasikii darasani, mpeleke kwa daktari kabla ya kumtafutia kiboko au mganga.