Pumzi inapokwama kooni

Posho iliyopita, baada ya mkutano, mama wengi walituuliza juu ya watoto wanaosemwa kuwa na asma, lakini pompi haiwasaidii kitu. Basi leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja unaofanana sana na asma, na kumbe si asma.

Kooni, pale sauti inapotokea, kuna kamba mbili ndogo. Tukisema, zinakaribiana na kutetemeka. Tukivuta pumzi, zinaachana ili hewa ipite. Kwa watu fulani kamba hizo zinafungika wakati ule ule zinapopaswa kufunguka, na mtu anavuta hewa bila kuipata. Mwaka 1983 waganga wa Denver, kule Marekani, walieleza habari za wagonjwa 5 walioonekana kuwa na asma, lakini shida yao ilikuwa kwenye kamba za sauti.

Ugumu uko hapa: shida inamshika mtoto jioni, kesho yake anafika kituo cha afya akipumua vizuri, kifua chake safi. Anarudi nyumbani na dawa ile ile. Aliyeona jambo lenyewe ni mama, ao mwalimu, na munganga anahitaji kusikia alichokiona.

Kwa hiyo tuangalie: pumzi inakataa kuingia, ao inakataa kutoka? Mwenye asma mara nyingi anasumbuka kutoa hewa, na mluzi unasikika kifuani. Huyu mwingine anasumbuka kuivuta, na sauti kali inatokea shingoni. Mwombe aonyeshe kwa mkono mahali panapobana. Wa asma kwa kawaida anagusa kifua, huyu anashika koo. Sikiliza pia kama sauti yake imekwaruza ao imepotea.

Saa nayo ina maana. Hapa Bukavu kwetu hakuna njia isiyo na mlima, na msichana anayepanda mbio na bidoni ya maji anaweza kushikwa katikati ya mlima, akae chini, na baada ya dakika chache iishe kama vile haikuwapo. Asma inayoletwa na kukimbia mara nyingi inazidi baada ya mtoto kusimama, na inachelewa kutulia. Tena asma inapenda kuamsha watoto usiku kwa kikohozi. Hii ya kamba za sauti haifanyi hivyo mara nyingi. Kumbuka pia kilichotangulia: moshi wa makala, marashi makali, kiungulia, mafua, kicheko kingi, woga.

Juu ya woga, tuseme wazi. Tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari. Wengine walisema anajifanya ili akimbie mtihani, wengine walimtafutia pepo. Woga unaweza kuamsha shida hii, ni kweli, lakini mtoto hafungi koo lake kwa kupenda, na kumgombeza kunazidisha. Mama yake alichukua daftari la shule, akaandika kila mara: siku, saa, alichokuwa akifanya, muda gani, pompi ilisaidia ao hapana. Mara moja dada mkubwa alipiga video kwa simu, sauti ikasikika vizuri. Munganga alipoona hayo, alimtuma kwa mtaalamu wa koo.

Huyo ndiye anayeweza kuhakikisha. Anapitisha puani kamba nyembamba yenye taa na kutazama koo, na inafaa zaidi wakati shida yenyewe iko. Daftari la mama halichukui nafasi yake. Na mtu asitupe pompi kwa sababu ya maneno yetu! Kuna watoto wenye magonjwa yote mawili pamoja, na asma iliyoachwa bila dawa inaua.

Kuna wakati wa kuacha daftari na simu, na kukimbia hopitali: midomo ikigeuka bluu, mbavu zikizama, mtoto akishindwa kusema ao kumeza mate, uso ukivimba. Mtoto mdogo aliyekuwa anakula karanga na ghafula akakabwa, huyo ana kitu kooni, usingoje.

Munganga akishahakikisha kwamba ni kamba za sauti, matunzo makubwa ni kujifunza kupumua. Mabega yanalegezwa, mtoto ananusa hewa kidogo kidogo kwa pua, kisha anaitoa polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama anayepuliza moto wa makala. Afanye zoezi hilo kila siku akiwa mzima, pamoja na mama, maana siku koo limefungika hatasikia fundisho jipya.