Andikisha Kampuni Unakofanyia Kazi



Kwenye makundi yetu ya WhatsApp swali halikauki: "Jamani, LLC nifungulie Delaware au hapa Texas?" Anayewahi kujibu husema Delaware, ndiko waliko wakubwa. Kweli wako huko, wakifuata mahakama yake ya Chancery, ambamo majaji waliobobea huamua kesi za makampuni bila juri. Ila hata wakubwa wameanza kuhama. Januari 2024 jaji wa mahakama hiyo alibatilisha malipo ya Elon Musk, mkuu wa Tesla, ya takriban dola bilioni 56. Juni wenye hisa wakaihamishia Tesla Texas. Machi 2025 Delaware ikalegeza sheria yake ya makampuni, wengine wasije wakaondoka.

Ugomvi huo hauwahusu wenye malori mawili au saluni Houston. Ukiiga tembo kunya utapasuka msamba. LLC ya Delaware hulipa dola 300 kila mwaka, hata kama haikuingiza senti, na ni lazima iwe na wakala huko. Kwa kuwa kazi iko Texas, utaisajili tena hapa kwa dola 750. Usipoisajili, mteja akikudhulumu huwezi kumshtaki katika mahakama za Texas. Kuifungulia hapa tangu mwanzo ni dola 300, mara moja tu.

Wengi wetu tunaumia kwa kusahau tarehe 15 Mei. Tangu 2024, biashara ndogo hazijazi tena fomu ya kusema hazidaiwi kodi ya jimbo, basi watu wakadhani mambo yamekwisha. Taarifa ya majina na anwani za wasimamizi bado hudaiwa kila mwaka ifikapo tarehe hiyo, na kuipeleka ni bure. Ukiipuuza, jimbo linaweza kuinyang'anya kampuni haki ya kufanya biashara, na madeni yatakayofuata yakakuandama wewe mwenyewe hadi kwenye akiba ya nyumbani. Si ndicho ulichofungulia LLC kujikinga nacho?

Jihadharini pia na bahasha zenye picha ya tai na maandishi mekundu, zinazodai malipo ya "kukuandalia" taarifa hiyo. Soma herufi ndogo chini kabisa: mara nyingi wamekiri wenyewe kwamba wao si serikali.

Kuhusu taarifa ya wamiliki wa kampuni inayopelekwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani, tangu Machi 2025 kampuni zilizoundwa Marekani zimesamehewa. Iliyoundwa Nairobi au Dar es Salaam kisha ikasajiliwa hapa bado inabanwa, kwa hiyo mwenye nayo aonane na wakili.

Leo usiku, kabla ya kulala, ingia tovuti ya Comptroller wa Texas, mkusanya kodi wa jimbo, andika jina la kampuni yako, uone kama bado ina haki ya kufanya biashara. Ukikuta imefutiwa, anza kuirudisha kabla hujasaini mkataba mwingine.

Mhariri