INJINI KUBWA SI HOJA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na kuichomeka katika kila insha mpaka ikachakaa. Mimi niliielewa barabara likizo ya Aprili mwaka jana, na aliyenifunza ni gari la marehemu babu.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya mwaka wa 1967. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba yetu mtaani Jericho miaka kumi na miwili, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Huenda ukacheka, lakini 404 si gari la kuchekwa. Lilishinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Huo mwaka wa 1968 matope yalikuwa mengi ajabu hivi kwamba katika magari zaidi ya tisini yaliyoanza, ni saba tu yaliyomaliza. La kwanza lilikuwa 404 la Nowicki na Cliff. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Babu alikuwa akizisimulia habari hizo kama vile yeye ndiye aliyeshika usukani.

Basi kaka yangu na mjomba wakaamua kulifufua. Walikata kutu, wakachomelea sakafu mpya, wakalishusha kidogo na kulipaka rangi nyekundu. Kazi hii si ngeni duniani. Vijana wa Marekani waliifanya zamani kwa Ford za 1932: mwili wa kale, moyo mpya. Swali lilikuwa moja tu. Moyo gani?

Injini ya kwanza ilikuwa imepasuka bloku, haikufaa tena. Hapo kukawa na njia mbili. Mjomba alitaka injini ya Peugeot 504, ile ya sisi 1971. Kaka naye alitaka injini ya Toyota ya silinda sita, lita mbili na nusu, yenye tabo. "Maze, hii ikinguruma Jericho, watu wa Umoja watatoka nje!" akasema. Nakiri kwamba mimi pia nilikuwa upande wake. Nani hapendi mngurumo?

Tatizo ni pesa. Ilikuwa zamu ya mama kupokea chama, shilingi elfu thelathini, na ndani yake mlikuwa na karo yangu ya muhula wa pili. Kaka alimbembeleza mama, akazichukua zote kama arubuni na kumpelekea muuzaji mmoja aliyeahidi kuleta injini hiyo "mpya kutoka Japani". Karo ingerudishwa kabla ya shule kufunguliwa, tukaambiwa.

Injini ililetwa kwa mkokoteni hadi kwa fundi wetu kule Kariobangi Light Industries. Fundi ni mzee wa maneno machache. Aliinama, akapangusa grisi kwa kitambaa, akatazama mahali pa nambari. Zilikuwa zimekwaruzwa kwa tupa. "Risiti iko wapi?" akauliza. Kaka akameza mate. "Mwanangu, toa hii kitu kwangu. Mimi nina watoto," akasema fundi, akarudi kwenye kazi yake. Muuzaji naye simu yake haikushika tena. Tukaipeleka ile injini kituoni na kueleza yote. Pesa zikaenda na maji, nami nikakaa nyumbani wiki mbili za muhula wa pili nikihesabu mabati ya paa.

Sasa sikilizeni maoni yangu. Naona vijana wengi wa Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Dandora, wanachagua injini kama wanavyochagua viatu, yaani kwa macho na masikio. Hilo ni kosa, na nina sababu nne.

Kwanza, gari lina maumbile yake. Katika 404, shafti ya kuzungusha magurudumu ya nyuma imefungwa ndani ya bomba nene linalotoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Bomba hilo ndilo pia linaloizuia difu isijipinde. Ukileta injini na giaboksi ya ukoo mwingine, sharti ulikate bomba hilo na kubuni njia nyingine ya kuishika difu. Ukibuni vibaya, utajua siku ya kukanyaga mafuta. Injini ya 504 ni ndugu wa damu: nayo inalala kwa upande vilevile, na silinda zake ni mikebe inayochomolewa, kwa hivyo ikichakaa unabadilisha mikebe na pistoni bila kuchonga bloku.

Pili, breki. 404 za mwanzo zilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ambayo breki lazima iizime huongezeka mara nne. Je, unaongeza farasi halafu unabaki na lijamu ya punda? Jogoo Road ina watoto wanaovuka kwenda shule, na sheria ya mjini ni kilomita 50 kwa saa. Injini ya lita mbili na nusu unaiendea wapi?

Tatu, karatasi. Nambari ya injini huandikwa katika rekodi ya gari, na ukibadilisha injini lazima uripoti ili rekodi ibadilishwe. Injini isiyo na risiti huenda ni machozi ya mtu mwingine.

Nne, ukaguzi. Injini nzee ya ukoo unaoujua, fundi wa kawaida anaweza kuipima papo hapo. Wetu alifungua kifuniko cha oili kutazama kama ina rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia. Akachomoa plagi kutazama masizi. Akaizungusha kwa mkono, akasikiliza pumzi ya kila silinda.

Najua mtanipinga. Mtasema injini za kisasa zinakula petroli kidogo na haziwaki kwa kubembelezwa asubuhi. Ni kweli kabisa, na mwenye pesa, fundi hodari na karatasi halali simkatazi, mradi aanze na breki. Lakini wangapi kati yetu tuna vyote vitatu?

Mwezi wa Agosti mjomba alinunua injini ya 504, yenye risiti, kwenye duka moja la Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Tuliininginiza kwa mnyororo kwenye mabomba matatu, tukaweka klachi mpya na raba mpya za kukalia injini, tukaishusha polepole. Kaka ndiye aliyeshika mnyororo, na hakusema neno. Ilipowaka, mama alitoka nje na mwiko mkononi, akasimama kusikiliza. Sauti ilikuwa ileile ya wakati wa babu. Jioni ile kaka aliniita kando akaniambia, "Karo yako nitalipa mimi." Amelipa nusu, na gari linampatia kazi ya harusi Jumamosi.

Ombi langu kwa walimu ni hili: siku moja tupelekeni Kariobangi badala ya kutuchorea injini ubaoni. Na kwenu vijana wenzangu, kabla ya kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, ulizeni gari litasimama vipi, na pesa hizo ni za nani. Mimi nimeyasema yangu. Mwenye macho haambiwi tazama.