Mvisheni tajiri hiyo saa, si dereva!

NDUGU msomaji, ukipata nauli fika Nzega usiku, pale njia ya Tabora inapoachana na ile ya Isaka na Kahama. Utayakuta malori yamepanga foleni, mengine yana namba za Rwanda, mengine za Burundi. Chini ya tela mtu amelala juu ya boksi, kofia usoni. Huyo ndiye dereva. Mwulize mara ya mwisho kulala kitandani ni lini. Kisha mwulize mkataba wake wa kazi uko wapi. Swali la kwanza atalijibu. La pili atacheka.

Sasa huko duniani wataalamu wamempatia dawa. Si kitanda, si mkataba. Ni saa ya mkononi! Inapima msongo wa mawazo wa dereva akiwa barabarani na kupeleka majibu kwenye kompyuta ya ofisi. Huko Australia madereva wa malori ya migodini wamevishwa hata kofia, SmartCap, inayosikiliza mawimbi ya ubongo ili ijue nani anasinzia. Usidhani ni mambo ya Wazungu yasiyofika hapa. Mabasi yetu ya mikoani tayari yana VTS chini ya LATRA, na dereva ana kitufe chake, i-button, kinachomtambulisha kabla ya kuondoka. Mizigo ya transit inafungwa lakiri ya kielektroniki ya TRA. Gari linaonekana, mzigo unaonekana. Kilichobaki ni moyo wa dereva.

Mimi si adui wa mashine. VTS imewapunguzia abiria vitisho vya madereva wanaodhani wako angani, na usingizi barabarani unaua kweli. Mashine inayomtikisa mtu anaposinzia Mlima Sekenke, karibu. Ninachouliza ni kimoja: ikishaonyesha kwamba dereva amechoka, nani anabanwa?

Elewa kwanza saa hiyo inavyofanya kazi, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Chini yake kuna taa ya kijani. Mwanga unaingia kwenye ngozi, unaorudi unaonyesha damu inavyopita, na kompyuta inahesabu mapigo. Mtu aliyetulia mapigo yake hayalingani sawasawa. Muda kati ya pigo na pigo hubadilika kidogo kidogo. Mtu aliyebanwa, muda huo unakuwa kama wa saa ya ukutani. Nyingine hupima jasho. Vizuri. Lakini homa ya malaria inabadilisha mapigo. Joto la kebini mchana wa Oktoba linatoa jasho. Kahawa nayo, na ugomvi na askari wa barabarani nao. Saa inasoma mapigo, haisomi sababu. Tena mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, nacho kinachotumia mwanga, kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa weupe. Kabla dereva wa Urambo hajahukumiwa na taa ya saa, aliyeiuza aonyeshe kwanza ilijaribiwa kwenye ngozi ya nani.

Na sababu yenyewe haihitaji saa. Inahitaji hesabu ya darasa la nne. Kutoka Dar es Salaam hadi bandari kavu ya Isaka ni karibu kilometa 1,000. Sheria ya Usalama Barabarani inamtaka dereva wa gari zito asizidi kilometa 80 kwa saa. Hata akienda 80 mwanzo mpaka mwisho, asisimame mizani ya Vigwaza wala Njuki, asile, asikojoe, ni saa 12 na nusu. Sasa chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Siku ya kazi ya kawaida ni saa 9. Ukijumlisha ovataimu isizidi 12. Baada ya saa 5 mfululizo kuna mapumziko ya saa 1, na kati ya siku na siku saa 12 za kupumzika. Halafu tajiri anapiga simu: kesho asubuhi nataka gari Isaka! Na malipo ni kwa tripu. Ukilala, umelala na hela ya watoto.

Huo ndio msongo wa mawazo, ndugu yangu. Umeandikwa kwenye mfumo wa malipo, wao wanautafuta kwenye mshipa wa mkono.

Ulaya, ambako ujanja huu unatoka, hawakuanza na mkono wa dereva. Walianza na lori. Kuna chombo kinaandika saa za kuendesha: 9 kwa siku, na dakika 45 za kupumzika kila baada ya saa 4 na nusu. Kanuni yao ya mwaka 2006 inamkataza mwenye kampuni kumlipa dereva kwa kilometa au kwa kuwahi kufikisha mzigo, kama malipo hayo yanahatarisha usalama. Kosa likifanyika, kampuni nayo inajibu. Mbona hilo wakubwa wetu hawaliigi? Kuiga saa ni rahisi. Kuiga sheria inayomgusa mwenye malori, hapo wanapatwa na kigugumizi.

Sisi watu wa Tabora hatufundishwi habari za mizigo. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 na zaidi kwa miguu kutoka Unyanyembe, akapita Mgunda Mkali na Ugogo mpaka Bagamoyo. Sisemi zilikuwa siku za raha. Njia ile imezika wengi, na watumwa walipita humo wamefungwa. Lakini msafara uliamka kabla ya jua, na mara nyingi jua la utosi liliwakuta kambini. Aliyetangulia mbele na kuweka mwendo alikuwa kirangozi, mpagazi mwenzao anayejua uzito wa mzigo. Posho ikipunjwa, waligoma, au walitua mizigo na kutokomea porini. Wazungu wameandika kurasa nyingi za kulalamikia jambo hilo. Leo barabara ya Manyoni, Itigi hadi Tabora ni lami inayofuata karibu njia ileile, na anayeweka mwendo yuko Dar es Salaam kwenye kiyoyozi.

Na dereva wa leo akigoma? Tuliona. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima. Serikali ya CCM ilitaka warudi darasani kila wanapohuisha leseni. Wao walidai mikataba. Pale Ubungo walijibiwa kwa mabomu ya machozi. Mei wakagoma tena, ikaundwa kamati. Kamati! Nenda Nzega leo ukahesabu wenye mikataba.

Watakwambia usiogope, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023. Ni kweli ipo. Habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, na kwa kawaida inatakiwa ridhaa yake ya maandishi. Lakini dereva asiye na mkataba, akiletewa karatasi ya ridhaa na funguo za gari kwa mkono mmoja, atakataa nini? Nyuma yake wapo wewe na mimi na leseni zetu mpya, tunasubiri kiti kipate nafasi. Mapigo yakionyesha moyo mbovu, hatapelekwa Kitete hospitali. Ataambiwa gari lina dereva mwingine.

Kwa hiyo wewe utingo unayeota usukani, siku wakikuletea saa usiikatae kijinga. Iombe pamoja na mkataba. Iandikwe kwamba majibu ni yako, kwamba ikilia gari linasimama, na siku hiyo inalipwa. Tajiri akikunja uso, umeshajua saa ni ya nani.

Na mbunge wako akija kuomba kura, mwulize hili: tangu mwaka 2004, ni wenye malori wangapi wamefikishwa mahakamani kwa kumwendesha dereva zaidi ya saa 12 kwa siku? Akikupa majina, tuletee. Nafasi ya kuyachapa ipo.