Kaharabu, Kibaba na Fizikia

Kila unapozuka mjadala wa kufundishia sayansi kwa Kiswahili, hoja moja haikosi kuja: lugha yetu haina maneno. Husemwa hata na waipendao, tena baadhi yao ni malenga wa kuheshimika, kwamba Kiswahili ni lugha ya mahaba, mawaidha na mafumbo, ila penye elektroni na mionzi haina budi kukaa kando. Nimefundisha Fizikia na Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, masomo niliyosomea pamoja chuo cha ualimu, na hoja hiyo siikubali. Sisukumwi na uzalendo. Inayonifanya niikatae ni historia ya fizikia yenyewe.

Tuitazame miaka ile Tuzo ya Nobel ilipoanza kutolewa. Ya kwanza kabisa ya Fizikia, mwaka 1901, alipewa Mjerumani Wilhelm Röntgen. Novemba 1895, katika maabara yake mjini Würzburg, aliona kibao kilichopakwa kemikali kiking'aa gizani, ilhali bomba la kioo alilokuwa akilipitishia umeme lilikuwa limefunikwa kwa karatasi nyeusi. Kitu fulani kilikuwa kikiipenya karatasi ile. Wiki chache baadaye kiliupenya hata mkono wa mkewe, kikaacha picha ya mifupa na pete kidoleni. Profesa yule, mwenye lugha ya Goethe kinywani, hakuwa na jina la kukiita. Aliazima herufi ambayo wanahisabati huiweka mahali pa kisichojulikana, akasema: miale ya X. Ukilifasiri jina hilo kwa maana yake, ni "miale nisiyoijua". Wajerumani wenzake walichagua kuiita kwa jina la mgunduzi, nao hufanya hivyo hadi leo. Yeye mwenyewe aliipenda X yake. Sisi tuliipokea kupitia Kiingereza, tukasema eksirei, na leo bibi aliyetoka shambani huitaja hospitalini bila kigugumizi.

Basi umaskini wa maneno ulianzia hapo, kwa mwenye tuzo ya kwanza.

Mwaka 1903 tuzo iligawanywa kati ya Henri Becquerel na mume na mke, Pierre na Marie Curie. Becquerel alikuwa ameona chumvi za urani zikiacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa lisifikiwe na mwanga. Akina Curie walipobaini kwamba urani haikuwa peke yake katika tabia hiyo, walihitaji neno, na lugha ya Kifaransa haikuwa nalo. Mwaka 1898 waliliunda kutokana na neno la Kilatini radius, ambalo ni mwale wa mwanga na pia spoki ya gurudumu. Elementi mpya waliyoitangaza mwaka huohuo waliiita poloni, kwa heshima ya Poland alikozaliwa Marie. Wakati huo Poland haikuwamo katika ramani ya dunia. Ilikuwa imegawanywa baina ya Urusi, Austria na Prussia. Nchi isiyo na bendera ikaandikwa katika jedwali la elementi. Sijui mshairi anayeweza kulipita hilo asisimame.

Sisi, kwa tabia hiyo ya urani, tuna maneno mawili yanayogombana. Kamusi zimetupa "unururifu", nalo ni neno tamu masikioni. Watu wa hospitali na magazeti wamejiamulia "mionzi". Kwa maoni yangu mionzi imeshinda kwa haki. Mwonzi na radius ni ndugu wa maana, lakini nuru humfanya mwanafunzi atazamie kuona mwanga pasipo na mwanga. Naye Ernest Rutherford, alipotenga mionzi ya urani katika mafungu mwaka 1899, hakujisumbua hata kuunda jina: aliiita alfa na beta. Ni sawa na kusema alifu na bee! Mwaka 1908 alipewa Nobel, nayo ikawa ya Kemia ingawa yeye alikuwa mwanafizikia.

Neno linalonikaa moyoni zaidi ni elektroni. J. J. Thomson wa Cambridge aliithibitisha mwaka 1897 na kupata tuzo mwaka 1906, lakini jina si lake. Yeye aling'ang'ania neno la Kilatini lenye maana ya kiwiliwili kidogo. Jina lilikuwa limependekezwa mwaka 1891 na George Johnstone Stoney wa Ireland, na mzizi wake ni jina la Kigiriki la kito cha manjano ambacho ukikisugua huvuta vipande vya majani makavu. Waarabu nao walipita njia hiyohiyo: umeme wanauita kahraba, jina la kito kilekile, nalo ni la asili ya Kiajemi lenye maana ya kipokonya majani. Kito hicho kwa Kiswahili ni kaharabu. Limo katika kamusi zetu tangu zamani. Sipendekezi tuiite elektroni kaharabu. Elektroni imeshapata uraia. Nasema tu kwamba mwalimu anayeifundisha bila kuitaja kaharabu amemnyima mtoto ufunguo ulio mfukoni mwake.

Nije kwenye kibaba. Max Planck, mwaka 1900, alipendekeza kwamba nishati hutolewa kwa mafungu, na neno quantum lililokuja kutumika kwa fungu hilo kwa Kilatini ni kuuliza "kiasi gani?" Mwaka 1905 Albert Einstein aliliendeleza wazo hilo kwenye mwanga wenyewe. Ni kwa kazi hiyo, wala si nadharia yake ya uhusianifu, alipewa Nobel ya mwaka 1921. Wanafizikia wa kabla yake walidhani kwamba mwanga ukiumulika uso wa metali, elektroni hujikusanyia nishati kidogo kidogo hadi ikapata nguvu ya kuchomoka. Majaribio yakakataa. Zinki ukiimulika kwa mwanga mwekundu kutwa nzima, haitoki elektroni hata moja. Ukiimulika kwa miale hafifu ya urujuanimno, ile iliyo ng'ambo ya zambarau, zinatoka papo hapo.

Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza. Nikifika hapa niliiweka kando kwa dakika tano. Niliwaambia wanafunzi wamfikirie muuza nafaka wa zamani asiyepima pungufu ya kibaba. Mwanga huuzwa hivyo. Kibaba cha mwanga mwekundu ni kidogo, cha urujuanimno ni kikubwa, na elektroni moja hupokea kibaba kimoja tu kwa mara moja. Kisipotosha kuitoa, hata vibaba vidogo elfu vikizimwagikia wenzake havitaisaidia. "Haba na haba hujaza kibaba" ni kweli sokoni. Ndani ya zinki si kweli, na Einstein alituzwa kwa kuligundua hilo. Darasa lilikuwa likicheka, kisha likinyamaza kwa namna ambayo kila mwalimu anaijua. Hakuna kitabu cha Kiingereza kilichokuwa na methali ya kupinga.

Kwa hiyo naelekeza neno langu kwa watunzi. Istilahi hizi zilianza kama tashibihi na kukiri kutojua, kazi mnayoifanya kila siku, na kamati za istilahi haziwezi kuifanya peke yake. Nimesikia udhuru kwamba maneno haya hayaingii katika arudhi. Kaharabu ni mizani minne safi, nusu ya kipande cha tarbia. Mionzi ni mitatu. Eksirei ndiyo yenye ugomvi: wako wanaoisoma e-k-si-re-i wakapata mitano, kwa kuwa ulimi wa Mswahili huipumzisha ile k. Mimi naihesabu minne, kwa sababu k haibebi pumzi yake kama ifanyavyo m ya "mtu". Atakayepinga na aniletee beti.